Nyumba ya Yanga, Mtoto wa Mbeya City

Katika bweni letu iko desturi moja ambayo kila mwanafunzi mgeni huikuta. Kabla hajaulizwa ametoka wilaya gani, wala kama anaweza hesabu, huulizwa, "Wewe Simba au Yanga?" Akijibu tu, hupata marafiki nusu ya bweni na watani nusu ya bweni, na shughuli imekwisha. Mimi nilipoulizwa mwaka 2023, nikiwa kidato cha kwanza, nilijibu kwamba nyumbani kwetu ni Yanga, lakini mimi ni Mbeya City. Kaka mmoja wa kidato cha tatu akacheka sana, akasema, "Hujaulizwa timu ya pili. Umeulizwa timu."

Tangu usiku ule nimeulizwa habari hii mara nyingi mno, hata na walimu wawili. Na kwa kuwa mwaka huu ndio wangu wa mwisho hapa shuleni, nimeona afadhali nieleze jambo lote kwa maandishi, nipate kupumzika.

Kwanza yafaa nieleze jinsi timu za Dar es Salaam zilivyofika kwetu Kyela. Kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 900, na wazee wengi wa kijijini kwetu karibu na Matema hawajapata kuuona mji ule kwa macho. Hata hivyo nenda siku ya gulio Ipinda, uwasikilize wauza mchele na wauza usipa: wanagombana juu ya Yanga na Simba kana kwamba timu hizo zinafanya mazoezi nyuma ya soko.

Yanga iliundwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikatokea timu nyingine, ambayo wazee husimulia kwamba ilitoka ubavuni mwa Yanga yenyewe baada ya wachezaji kukosana. Timu hiyo ilibadili majina, ikajulikana kwa miaka mingi kama Sunderland, na mwaka 1971 ndipo ilipoitwa Simba. Basi hawa wanaotukanana kila mwaka ni ndugu wa tumbo moja, na huenda ndiyo sababu wanatukanana vizuri hivyo.

Siku za ujana wa babu yangu, vijana wa kwetu walikuwa wakiondoka kwenda kutafuta kazi. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Chunya, wengine migodi ya shaba huko Zambia, na wengine Dar es Salaam. Kila aliyerudi alirudi na kitu cha kuonyesha, kama vile baiskeli, gramafoni, au cherehani ya mke wake. Babu alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam, na aliporudi Kyela mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakuwa na baiskeli. Alirudi na Yanga. Alikuwa ameiona kwa macho yake ikiifunga Sunderland mabao matano kwa bila tarehe 1 Juni 1968, na mpaka leo akisimulia mchezo ule husimama, ingawa miguu yake inamuuma.

Baada ya hapo kazi iliyobaki iliifanya redio. Siku ya tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipolipiza kisasi kwa mabao sita kwa bila, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu, babu alikuwa nyumbani akisikiliza Radio Tanzania. Inasemekana alizima redio baada ya bao la nne ili kulinda betri, na siku mbili hakwenda shamba. Sikuwapo, lakini nasadiki.

Namna urithi huu unavyokwenda katika nyumba yetu ni kama jina la ukoo. Mtoto haulizwi. Baba yangu alizaliwa akaikuta Yanga ukutani, nami vilevile, na nilipofaulu darasa la saba baba alininunulia jezi ya kijani na manjano kabla hajaninunulia sanduku la shule. Mama peke yake ndiye aliyetoka katika nyumba ya Simba. Siku timu hizo mbili zinapokutana yeye hupika, hunyamaza, huwatazama wanaume kwa huruma. Lakini Simba ikipata bao husikika jikoni akiimba wimbo wa kwaya, na hakuna anayethubutu kumkataza mtu kuimba wimbo wa kwaya.

Hapa nitoke kidogo nje ya barabara, maana kwetu sisi wa mpakani jambo hili lina fundo jingine. Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga nchini Malawi, tunao ndugu wa damu. Lugha yao na yetu zinasikilizana, na msiba wa huku unaliliwa huko. Septemba 2022 Simba ilipangwa kucheza na Nyasa Big Bullets ya Malawi katika mashindano ya mabingwa wa Afrika. Baba alisema kwamba siku hiyo Simba ni Tanzania na lazima tuishangilie, na mama akamtazama kwa mshangao. Babu alikataa katakata. Alisema kwamba Songwe ni mto tu, hata ng'ombe huuvuka, lakini kati ya Jangwani na Msimbazi hakuna kivuko. Akakaa na wageni wetu kutoka Karonga akiishangilia Malawi. Simba ikashinda mbili kwa bila Lilongwe, ikashinda tena mbili kwa bila Dar es Salaam. Ndugu wale walipokea vizuri kuliko babu.

Sasa nieleze mimi nilivyopotea, kama babu angesema. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kukaa kwa shangazi Mbeya mjini, nikasoma huko madarasa ya mwanzo. Mbeya City ni timu iliyoanzishwa mwaka 2011 na Halmashauri ya Jiji, na ilipanda ligi kuu msimu wa 2013/14. Katika msimu ule wa kwanza ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam waliokuwa mabingwa bila kufungwa mchezo hata mmoja, na nyuma ya Yanga. Simba ilikuwa ya nne. Nilikuwa na umri wa miaka mitano, na mume wa shangazi alinibeba mabegani kwenda Uwanja wa Sokoine. Sikumbuki mchezo wowote. Nakumbuka rangi ya zambarau tu, na kwamba wanawake wa sokoni waliokuwa wakituuzia nyanya asubuhi walikuwa pale jioni wakipiga kelele, na kwamba kila mtu alisema "sisi". Nyumbani kwetu tulizoea kusema "Yanga imeshinda." Pale nilisikia kwa mara ya kwanza watu wazima wakisema "Tumeshinda", na waliofunga mabao wakipita barabarani siku ya pili kwa miguu.

Ndiyo maana nasema kwamba sikuichagua timu ile kwa ubishi. Niliipata kama mtu anavyopata lafudhi.

Lakini yako mambo niliyoyaona Sokoine baadaye, nilipokua, ambayo wenzangu wa Dar es Salaam huenda hawayajui. Watu wengi wa mikoani wana timu mbili: moja ya kuzaliwa, ambayo ni Simba au Yanga, na moja ya mkoa. Muda wote wa msimu mambo huwa shwari. Mtu huishangilia Mbeya City Jumamosi na Yanga Jumapili, wala dhamiri haimsumbui. Taabu huja siku mbili tatu kwa mwaka, timu kubwa inapopanda mlima kuja Mbeya. Siku hiyo ukiingia uwanjani utadhani umekosea mji. Majukwaa yamejaa kijani na manjano, au nyekundu na nyeupe, na wenyeji wamekaa kona moja kama wageni waliochelewa arusini. Yule yule aliyesema "tumeshinda" wiki iliyopita, leo anaomba mlinda lango wetu ateleze. Simlaumu mtu, maana baba yangu ni mmoja wao. Lakini nilijiuliza kama tukiondoka sote siku ya kazi ngumu, timu ile inabaki na nani.

Sasa nifike kwenye mwaka 2023, ambao ndio kiini cha habari yangu. Mwaka huo Yanga ilikuwa bingwa wa nchi, tena ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tarehe 28 Mei ilifungwa na USM Alger ya Algeria mabao mawili kwa moja Dar es Salaam. Tarehe 3 Juni ikaenda Algiers ikashinda moja kwa bila. Jumla ikawa mbili kwa mbili, na kombe likaenda kwa Waarabu kwa sheria ya mabao ya ugenini. Usiku ule nyumbani kwetu hakuna aliyekula. Nami nililia, msinicheke. Nililia kabisa, na huku nikijiuliza kama nina haki ya kulia, mtu ambaye bwenini najiita Mbeya City.

Siku tatu baadaye, tarehe 6 Juni, Yanga ile ile ilikuwa Mbeya kucheza na Mbeya City, ambayo nayo ilikuwa katika hatari ya kushuka daraja. Nilikuwa likizo. Baba alikuwa ameweka akiba ya fedha kwa safari hiyo tangu Machi, na aliniambia tutakwenda pamoja kuwapa pole vijana wetu. Alisema "vijana wetu" bila kuwaza kwamba neno hilo lingeweza kuwa na maana mbili.

Tuliondoka usiku wa manane. Kutoka ziwani, ambako hata Juni mtu hulala bila shuka zito, unapanda katikati ya migomba mpaka Tukuyu, kisha Kiwira, kisha Isongole, na kila kituo baridi inaongezeka. Baba alinitazama nikitetemeka, akafungua mfuko akanipa ile jezi ya Yanga niivae juu ya shati. Nikaivaa. Skafu yangu ya zambarau ilikuwa mfukoni, imekunjwa iwe ndogo kama leso.

Tulikaa katikati ya watu wa Yanga, marafiki wa baba kutoka Kyela na Ipinda, watu wazima wenye heshima zao. Mchezo ule sitausimulia wote. Nitasema tu kwamba Mbeya City ilipofunga, miguu yangu ilisimama kabla kichwa hakijatoa amri. Nilijikuta wima peke yangu katika safu nzima, mikono juu, nikiwa nimevaa jezi ya Yanga. Mzee mmoja nyuma yetu akamwuliza baba, "Bwana, mtoto wako ana nini?" Baba akanitazama kwa muda. Akasema, "Mwacheni," akaelekeza macho uwanjani. Mbeya City ilipofunga tena sikusimama. Nilikaa nikaibana skafu ndani ya mfuko, na naona haya kuandika hilo kuliko kusimama kule.

Mchezo uliisha kwa mabao matatu kwa matatu. Kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kufurahi, na hakuna aliyepata nafasi ya kumpa mwenzake pole.

Katika basi baba hakusema neno kutoka Uyole mpaka Kiwira. Nilidhani amekasirika, nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Tulipokaribia Tukuyu ndipo akanyosha kidole dirishani gizani, akasema, "Unajua mwaka 1986 bingwa wa nchi hii alitoka hapa?"

Nilikuwa nimesikia jina la Tukuyu Stars, lakini kama mtu anavyosikia jina la chifu wa zamani. Baba akanieleza. Mwaka 1986 timu ya mji huu mdogo wa milimani, wenye mvua nyingi na chai, iliwashinda wakubwa wote na kutwaa ubingwa wa ligi. Watu waliiita Banyambala, maana yake kwa Kinyakyusa "wanaume". Kyela na Rungwe zamani zilikuwa wilaya moja, kwa hiyo kwa watu wa ziwani Banyambala hawakuwa majirani, walikuwa wenyewe. Baba alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alidandia lori la ndizi kwenda kuwatazama, akarudi usiku, na asubuhi akaiambia nyumba nzima kwamba yeye si Yanga tena.

Nilimwuliza babu alifanyaje. Baba akasema kwamba babu hakumpiga. Alimwondolea ruhusa ya kusikiliza redio mpaka mavuno ya mpunga, na kila timu ile iliposhinda alisema, "Watakuja kuchukuliwa." Ikawa kweli. Wachezaji wake hodari walichukuliwa na vilabu vya Dar es Salaam, kimoja kikiwa Yanga yenyewe, na miaka michache baadaye Tukuyu Stars haikuwa tena ya kutisha mtu. Baba akarudi Yanga, na babu akampa redio. "Nilimfuata mchezaji wangu," baba akasema, "ndivyo nilivyojiambia." Kisha akanyamaza tena mpaka Kyela.

Baadaye mwezi ule ule wa Juni 2023, Mbeya City ilifungwa na Mashujaa ya Kigoma katika michezo ya mtoano, ikashuka daraja. Nilikaa nje karibu na mkakao bila kutaka kuonana na mtu. Jioni mama aliandaa mbasa, samaki ambaye kwetu hatupikwi kila siku, na kichwa cha mbasa ni cha baba, kila mtu nyumbani anajua. Baba alikichukua akakiweka katika sahani yangu. Hakueleza sababu. Babu, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri, aliuliza kimya hiki ni cha nini, baba akasema kijana amechoka na masomo.

Tangu hapo mimi na baba tunabishana kwa uhuru, na sina budi kukiri kwamba hoja zake ni nzito. Hoja yake kubwa ni Ihefu. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, mkoa wetu huu wa Mbeya, na tarehe 29 Novemba 2022 iliifunga Yanga mbili kwa moja huko Ubaruku, ikakatisha mwendo wa Yanga wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Mbarali walicheza ngoma. Lakini mwaka 2024 timu ile ilihamishiwa Singida, ikabadilishwa hata jina ikawa Singida Black Stars, na watu wa Ubaruku wakabaki na uwanja. Baba husema, "Mwanangu, timu ndogo ni kama kijito cha kiangazi. Unachota leo, kesho unakuta mchanga. Yanga ilikuwepo kabla ya babu yako kuzaliwa." Hunikumbusha pia kwamba Juma Mwambusi, mwalimu aliyeifikisha Mbeya City nafasi ya tatu, alikwenda Yanga mwaka 2015 kuwa kocha msaidizi. "Hata mwalimu wenu aliona njia," husema.

Mimi humjibu kwamba kijito hukauka kwa sababu kila mtu anachota na hakuna anayepanda miti. Lau wale waliokuwa Tukuyu mwaka 1986 wangebaki, pengine leo nisingekuwa na la kueleza bwenini. Hilo nililisema mara moja tu, maana nilimwona baba akiinamisha kichwa, na si heshima mtoto kumshinda baba yake kwa jambo lililomwuma akiwa na miaka kumi na miwili.

Wapo watakaouliza kama nimeiacha Yanga. Sijaiacha. Ikicheza na timu ya nje nashindwa kula, na ilipoifunga Simba tano kwa moja Novemba 2023 niliruka bwenini mpaka kitanda kikavunjika ubao mmoja, ambao mlezi wa bweni atanisamehe nikiutaja hapa. Jezi ile bado naivaa, ingawa mikono imekuwa mifupi. Ila timu hizi mbili zinapokutana, nakaa na ile yenye watu wachache.

Mwaka 2025 Mbeya City ilipanda tena ligi kuu. Siku ya wazazi iliyofuata baba alikuja na mchele na usipa wa kukaanga, tukakaa chini ya mwembe, akaniuliza habari za masomo, za hesabu hasa. Kisha, akiwa anakunja mfuko tayari kuondoka, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na hao watu wako wanacheza lini?"

Babu bado hajaambiwa. Gazeti hili likifika nyumbani, baba ndiye atakayemsomea, kama anavyomsomea kila kitu siku hizi, na sijui kama atalisoma lote au ataruka baadhi ya mistari.